Kadi ya Wino wa Kijani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie habari za goti lako, na usiniandikie "nzuri tu" kama ulivyozoea. Niambie kama unapanda ngazi bila kushika ukuta. Na shangazi je, bado anagombana na redio yake? Mimi huku natembea, nafanya kazi, namshukuru Mungu, ingawa kuna jambo nitakueleza huko chini. Usiruke mistari kulitafuta. Nakujua.

Uliniuliza wateja wetu ni watu gani hata wapange foleni kwa kikombe kimoja cha kahawa. Hata mimi huwa najiuliza. Duka lenyewe ni chumba chembamba chenye meza sita, mashine moja inayohema kama shangazi akipanda mlima, na ubao mweusi nyuma ya kaunta. Huo ubao ndio kazi yangu kubwa. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango naonja kikombe cha kwanza, kisha naandika kwa chaki ladha iliyomo: leo chungwa, leo karanga, leo asali. Mwajiri alinipa kazi hiyo kwa ajili ya pua yangu, ile ile ambayo majirani walikuwa wakiiletea maziwa yao niyanuse kabla ya kuwapa watoto. Hapa pia wananiita Pua, maana siku ya kwanza niliropoka kwamba ndivyo unavyoniita.

Mama, watu wanauamini ubao kuliko ndimi zao! Kuna mwalimu wa hesabu anayetia vijiko vinne vya sukari, halafu anafumba macho na kutangaza kwamba chungwa limekolea. Nikiandika karanga, anasema karanga zimekaangwa barabara. Fundi cherehani wa jirani hagusi kikombe mpaka ausome, na akikuta umefutwa, anasubiri. Kila meza ina kadi ndogo za maoni na kalamu, na jioni mimi ndiye ninayezisoma. Nyingi ni sifa au manung'uniko ya kawaida: povu jepesi, kikombe kimepoa, yule dada wa kaunta ana maneno mengi. Hilo la mwisho cheka, lakini usimsomee shangazi.

Sasa, mwezi uliopita nikakuta kadi iliyosema hivi: kahawa nzuri, huduma nzuri, ubao mwongo. Haikuwa na jina. Nikaichana. Wiki iliyofuata ikaja nyingine, mwandiko ule ule wa kulala kushoto, ikisema kwamba jana ubao ulitaja chungwa na leo unataja karanga, ilhali kahawa imetoka gunia lile lile. Hapo nikashikwa na hamu ya kumjua mwandishi, nikawa nawatazama wateja mikono badala ya nyuso. Kuuliza si ujinga, lakini ningemuuliza nani? Nikabadilisha kalamu, kila meza nikaiwekea wino wa rangi yake, nikatulia kama sijui kitu.

Siku ya tano, kabla hata ya jioni, kadi ikaja kwa wino wa kijani, wa meza ya pembeni karibu na sinki. Maneno yake yalinikata maini: maziwa ya leo yamechacha, na watu watatu wameyanywa kwa adabu zao. Nikachukua jagi, nikampelekea mwosha vyombo. Akakunja uso hata kabla hajaliinamia. Mmoja wa wale watatu alikuwa mama mjamzito. Hakudhurika, nilimwona juzi akicheka, lakini siku ile nilimwaga jagi zima sinkini.

Kwenye meza ya kijani bado alikuwa amekaa bibi mmoja, mpishi mstaafu aliyepikia bweni la wanafunzi miaka thelathini. Hunywa kahawa tupu, na kabla ya kunywa husukutua kwa maji. Nilikaa mbele yake bila kukaribishwa, nikamuuliza kwa nini hakuniambia ana kwa ana. Akajibu kwamba mtu akiaibishwa mbele za watu hujitetea, lakini akisoma peke yake hufikiri. Akasema alikuwa ameniona asubuhi ile nikipitisha jagi chini ya pua yangu, uso umetulia kabisa, na yeye kule mezani harufu imeshamfikia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, ni tangu lini sisikii harufu.

Ndilo jambo lenyewe, mama. Tangu yale mafua yaliyonilaza mwanzoni mwa mwaka sisikii harufu ya chochote: sabuni, moshi, hata jasho langu. Kahawa kwangu ni maji ya moto machungu. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Ubao nilikuwa nauandika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ilipoisha nikawa nabuni. Niliogopa kwamba bila pua sina kazi, wala sina jina. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na maziwa.

Leo asubuhi nilifuta ubao nikaandika: "Leo sijui. Onjeni, mniambie." Mwalimu alisimama kama amepotea njia. Alionja, akaonja tena, mwisho akaomba kikombe kingine kisicho na sukari, kwa sababu alitaka kujua. Mwajiri aliposoma akaniita stoo, nikamweleza yote. Aliuliza nani mwingine anajua. Hatanifukuza, ila kuonja si kazi yangu tena mpaka pua irudi. Kahawa ya msimu mpya itachaguliwa wiki ijayo na yule bibi, mimi nitashika mashine. Nililia kule stoo. Aibu ilikuwepo, lakini zaidi niliona nimetua mzigo.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ile kahawa uliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe ukanitumia, nilikuandikia kwamba nilipoifungua chumba kizima kilinukia kama jikoni kwetu. Nilikudanganya, mama. Niliingiza pua kwenye mfuko mpaka ikajaa unga, na sikusikia kitu. Nisamehe. Nimeifunga vizuri, iko kabatini. Naomba siku ukikaanga tena, kaa karibu na sufuria, uniandikie inanukiaje: inapoanza kupata moto, inapopasuka, na unapoiepua. Usifupishe. Nitachemsha hii yako, nikae mezani, niisome barua huku nakunywa.

Msalimie shangazi, na majirani wote wa maziwa. Goti lipake mafuta hata lisipouma.

Ni mimi mwanao,
Pua