Jaydeep na diski ya studio

Shamsia, Jaydeep kaniuza. Jaydeep huyuhuyu mwenzangu wa studio!

Unakumbuka nilimwambia aizime ile setingi ya Linux ya kuharakisha diski ya kompyuta yetu? Nilimwambia kompyuta itadai video imeshahifadhiwa, kumbe bado inaelea kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme wa Mwembesongo haupigi hodi kabla ya kukatika. Akaniapia kaizima.

Leo kamaliza tu kuhamisha video ya harusi ya Kingolwira, kadi ya kamera kashaifuta, umeme ukakatika. Video imekwenda. Yote!

Mama wa bibi harusi kaja kuichukua. Namwamkia shikamoo, hata hajaitikia, Jaydeep kashaninyooshea kidole: "Ni Mwanvita, mama. Anapenda kuchezea kompyuta."

Mimi! Anapenda kuchezea! Shoga!

Mama wa watu analia, akasema, "Basi huyu binti asiguse tena kazi za watu." Jaydeep akaitikia, "Hatagusa, mama." Hatagusa! Mbele yangu!

Nikabeba mkoba wangu nikaondoka. Hata nyumbani sijafika, meseji yake hii hapa:

"Mwanvita, ile amri ya kuizima setingi ya diski inaandikwaje?"