Mrushaji Mpira Wetu, na Mwanangu Denny

Buffalo, Jumatatu

Kaka Zenon mpenzi,

Jana timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilishindwa tena. Mpiga teke wetu ana kazi moja tu duniani, na hata hiyo anaifanya kama mtu anayefukuza paka. Mrushaji mpira naye kagongwa kichwa, akatolewa nje, nami nikaropokea televisheni: "Mwoga huyo, rudi uwanjani!" Unanijua. Mwaka jana niliandika gazetini kwamba wachezaji wa siku hizi wameumbwa kwa jibini.

Denny alikuwa kaketi kando yangu. Akasema, "Basi mama, nisainie ile fomu."

Ijumaa, kwenye mechi ya shule, mwanangu aligongana helmeti na beki wa wapinzani, akasahau jina la mbwa wetu. Shule haimruhusu kucheza tena bila sahihi yangu. Nikakataa.

"Kumbe mtoto wa wenzio ni mwoga, wa kwako ndiye mgonjwa?" akaniuliza Denny.

Nikazima televisheni.

Kaka, wewe ulicheza miaka tisa, na Denny anakusikiliza. Mpigie simu. Mweleze ukweli kuhusu kichwa chako, hata ule unaonificha mimi.

Dada yako mbishi, anayekupenda,
Halina