Tonton Yuko Hai Lubunga, Kwenye Simu Amekufa

Mama Nyota mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana nina hasira mpaka chakula hakishuki. Mimi ni Mamie, nauza chikwangue, mikate yetu ya muhogo, pale kivukoni upande wa mjini, mke wa Nephtali, mtu niliyekuwa naheshimika sokoni mpaka hii pesa ya simu iliponigeuza mwizi.

Sisi kina mama tunaouza pale tuna likelemba, kila mwezi tunachanga na mmoja wetu anabeba yote, na pesa inakaa kwenye simu yangu kwa sababu wenzangu waliniamini, sasa mwezi huu ni zamu ya Fanny, ambaye upepo umemng'olea bati za nyumba na analala na watoto chini ya plastiki, nikashika simu nimtumie chake, simu ikaniandikia kwa Kifaransa kwamba akaunti imesimamishwa, niende agence, yaani ofisi ya kampuni. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa kadi ya simu, nikaifuta kwa kitenge, nikairudisha. Nikaiweka kwenye simu ya Nephtali, maneno yaleyale. Israël, yule wa cabine anayetutolea pesa chini ya mwavuli, akasema ni réseau, mtandao tu, ngoja jioni, na jioni akasema hapana, simu yangu imezeeka, ninunue nyingine, na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe anaziuza. Nikapiga namba ya huduma, nikachezewa muziki mpaka betri ikaisha.

Bon, nikaenda agence yenyewe, nikapanga foleni juani, nikafika dirishani kwa mademoiselle mmoja anaitwa Claire, akaniambia kampuni inahakikisha upya majina ya wenye namba, nimpe kadi yangu ya mpiga kura. Nikampa. Akatazama kompyuta, akasema namba hii si ya jina langu, ni ya Médard Bolenge. Ni kweli, huyo ni tonton Médard, mdogo wa marehemu baba yangu, nilipofika kutoka Banalia sina kadi yoyote ni yeye aliyeninunulia namba hii na kuiandikisha kwa kadi yake, lakini Mama Nyota, huyo mtu usinitajie! Siku ya mahari ya binti yangu Larissa, wakwe wamekaa, vinywaji vimepangwa, tonton akavuka mto kutoka Lubunga, akasimama mlangoni, akasema hawezi kukaa kwenye sherehe aliyoitiwa kwa mesaji ya simu kama mtu wa kukodisha viti, akageuka akarudi zake, mbele ya watu wote, na mimi nimebaki na sahani mkononi. Kwa hiyo Claire aliponiuliza, "Na huyu papa Médard iko wapi?" nilimjibu kama mtu yeyote mwenye uchungu angejibu, "Ule? Kwangu miye alishakufa."

Claire akanitazama kwa huruma. "Oh, pole sana, mama." Nikasema asante. Nilidhani ananipa pole ya kuwa na tonton wa namna hiyo.

Niliporudi kuuliza kama imefunguka, naambiwa kampuni imeandika kwamba Médard Bolenge ni marehemu, donc namba imefungwa kwa ajili ya warithi, na ili ifunguliwe wanataka acte de décès, yaani cheti cha kifo, na attestation, barua ya uthibitisho ya commune, na sahihi za warithi wote. Nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja. Nikamwambia Claire, "We iko mutu wa hapa Kisangani ao ulianguka toka juu? Haujuake vile mutu anasemaka akiwa na kasirani?" Akanijibu bila hata kupandisha sauti, "Mama, miye niliandika tu ile uliniambia." Anasema sasa ni lazima nilete cheti, au nimlete Médard mwenyewe na kadi yake mkononi.

Na kumbe namba ya tonton mwenyewe iko kwenye kadi hiyohiyo, nayo wameifunga. Alienda kwenye cabine ya kwao, yule wa cabine akamwambia, "Papa, huku banaonyesha kama ulishakufa." Nephtali akavuka kumweleza lile neno langu na kumbembeleza, tonton hakumpa hata kiti, alimwambia mlangoni, "Mutu mwenye kufa havukake mayi. Ambia Mamie aniletee matanga yangu kwanza, nione benye wananililia." Mzee mzima, mstaafu wa reli, anakataa kupanda pirogue kwa dakika chache tu kuokoa jina la binti wa ndugu yake! Ni roho gani hiyo?

Sasa Fanny amesema sokoni kote kwamba Mamie amekula. Wenzangu wananinunia, meza yangu wameisogeza pembeni karibu na takataka, na wameapa Fanny asipopata chake mwezi huu watanitoa kwenye kikundi na kunipeleka kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Hapo ndipo amekuja Alfani, rafiki wa mume wangu, anayezungukazunguka maofisini, anasema cheti cha kifo cha tonton anaweza kukipata chenye mihuri yote, namba itafunguka, Fanny ataezeka nyumba, na mzee hataumwa popote, ni karatasi tu. Nephtali hataki kabisa. Mimi nasema kwa nini tusikubali, ikiwa mzee mwenyewe anajiita mfu? Alfani anangoja jibu langu. Niambie, Mama Nyota, nikubali? Na hii kampuni, nani ataichapa?

Mamie, Kisangani

JIBU LA MAMA NYOTA

Mamie, dada yangu,

Kampuni nitaichapa mimi, nipe nafasi kidogo, maana barua yako nimeisoma nimesimama. Hivi nyinyi wa dirishani, tangu lini mtu anatolewa duniani kwa neno la mwanamke aliyechoka foleni? Kumuua papa Médard hamkuomba karatasi hata moja. Kuifungua namba yake mnaomba tatu! Na wakati huo pesa ya wauza chikwangue imekaa kwenu, na simu ya mzee imezimwa, na dirishani mteja anajibiwa "niliandika tu". Kalamu haina masikio, lakini Claire anayo. Angeuliza swali moja tu, "Alikufa lini?", na wewe ungecheka, na habari ingeishia hapo. Hiyo ni dharau kwa wateja, naisema hapa gazetini ili wasome.

Nimemaliza na wao. Kaa chini sasa.

Hilo la Alfani, jibu ni hapana, na ni hapana leo, kabla hujamaliza kusoma. Karatasi tu, anasema. Mwanamke wewe, akaunti ya simu imefungwa kwa neno tu la mdomo na unaona inavyokutesa. Ukileta mihuri, kitafungwa nini? Pensheni ya reli itasimama. Nyumba yake itaanza kutafutiwa warithi, na watakaokuja mbio si wewe. Siku akiugua wataanza kuuliza huyu mgonjwa ni nani, mbona amekufa. Na wa kwanza kukamatwa kwa cheti cha uongo ni aliyekitumia dirishani, yaani wewe. Alfani atakuwa ameshahamia ofisi nyingine. Mumeo ameliona hilo na wewe unamwona mwoga. Mshukuru Nephtali, na umwombe radhi ukiwa unampakulia.

Halafu tuje kwa tonton. Unauliza ni roho gani ile. Mimi nakuuliza, ni mkono gani ule ulioandika mesaji? Ndugu wa baba yako, aliyebaki kuwa baba yako, anaitwa kwenye mahari ya mjukuu wake kwa maneno mawili ya simu! Mahari inaanza kwake, Mamie. Yeye ndiye wa kwanza kuketi na wa mwisho kuinuka, na unalijua hilo, usinifanye mgeni wa hapa kwetu Tshopo. Alipaswa kufuatwa nyumbani kwake kabla tarehe haijapangwa, na wewe ukamwita kama anayeleta viti, kwa namba ambayo yeye mwenyewe alikununulia. Kusimama mlangoni na kugeuka mbele ya wakwe, hapo alikosa, angekaa kwanza na kukukaripia wageni wakishaondoka. Lakini hasira yake ilikuwa na miguu, na miguu hiyo uliipa wewe.

Na hebu fikiri kilichofuata kwake. Mzee yuko peke yake, anapeleka simu yake kwa watu wa cabine, mbele ya majirani anaambiwa ameshakufa, na anauliza nani kasema, na jibu ni jina lako. Sisi wa huku tunajua kumtangaza mtu hai kuwa amekufa kunamaanisha nini. Hao majirani hawakufikiria kompyuta. Walifikiria kwamba mtoto wa kaka yake anamtakia kifo. Na wewe ulimtuma mumeo! Kosa la mdomo wako ukampa Nephtali alipeleke, akasimama mlangoni kama mdeni. Ningekuwa tonton, hata mimi ningeomba matanga yangu.

Basi fanya hivi. Kesho mpigie Fanny magoti ya maneno, usimpigie kelele, mwambie yote bila kuficha hata lile neno ulilosema dirishani, na umwambie siku ya kwenda agence ataongozana nanyi, asikie kwa masikio yake kutoka kwa Claire kwamba pesa ipo na haijaguswa. Mtu anayelala chini ya plastiki ana haki ya kukushuku, hilo limeze. Kisha uvuke Lubunga wewe mwenyewe, na Nephtali, na Larissa, na huyo mkwe ambaye mzee hajawahi kumwona vizuri. Beba kuku jike na mtungi wa kinywaji anachokipenda, hiyo ni faini yako, na kaa chini, si kwenye kiti. Muache aseme mpaka achoke. Usimkatize, usijitetee, usimtaje Claire.

Akikubali kuvuka nawe, nendeni dirishani na kadi yake, mwili wake na sauti yake. Kabla hamjaondoka pale, hakikisheni namba yake imefunguliwa mbele ya macho yake, yake kwanza, halafu yako, na yako ihamie kwenye kadi yako mwenyewe. Wakikwambia rudi kesho, kaeni palepale, wote, na mkipika chakula nje ya mlango sitawalaumu. Claire akikuuliza lolote, jibu kwa maneno yaliyonyooka.

Asipokubali, rudi tena Lubunga, na tena, Fanny akijua kwa nini unachelewa. Kikundi kikikufukuza kwa sababu hukumzika baba yako akiwa hai, agana nao kwa amani, utauza chikwangue mahali pengine.

Jambo la mwisho. Ukifika uani kwake, usianze na habari ya akaunti. Simama, umwite kwa sauti ya kusikika na majirani wote: "Papa Médard!" Ita mpaka aitike.