Tone la Asidi Juu ya Dhahabu ya Sudi

Mikelenge, Kindu
Tarehe 11 Februari 2024

Kwako Yaya Mamy, Kibombo,

Nakuamkia kwa heshima, dada yangu mkubwa. Mgongo unaendeleaje? Na mpunga, umeota vizuri? Sisi huku wazima, ila mvua imeangusha ukuta wa jikoni, na mke wangu Claire anapikia barazani.

Nikupe kwanza habari za mtoto wako. Falone amefaulu mwaka wa kwanza wa teknolojia ya kemia kwa alama nzuri. Wasichana ni watatu tu darasani, na wavulana wanamwogopa kwa maswali yake.

Mwezi jana profesa aliwaagiza kila mmoja aeleze njia ya kupima madini. Falone alikuwa amesikia kwamba zamani nilikuwa hodari wa kupima dhahabu, akaniomba nimfundishe. Nikamwambia nimesahau. Akaomba tena. Siku ya tatu nikamfokea hadi akalia, na Claire akaniuliza nimeingiwa na shetani gani. Yaya, sikuwa nimesahau hata kidogo. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mwaka wa 2002, mji ulipofungwa pande zote, hata chumvi ikawa ya kutafuta. Nilikuwa mwaka wa tatu wa chuo, fakilte hiyohiyo anayosoma Falone. Profesa wetu alikuwa amekimbia na kuniachia ufunguo wa labo, maabara yetu, na ndani ilibaki chupa moja ya asidi ya nitriki. Askari walioshika mji walipopata habari, wakawa wananiletea dhahabu ya wachimbaji niipime. Kazi yenyewe ni rahisi: unaisugua kwenye jiwe jeusi, kisha unadondosha asidi juu ya alama. Shaba hutoa povu la kijani na kufutika. Dhahabu hubaki.

Asubuhi moja komanda aliingia peke yake, akafunga mlango, akaweka bastola mezani. Aliniambia nje kuna mchuuzi aliyepenya porini na mzigo mkubwa wa dhahabu kutoka Pangi, na kwamba yeye hana nia ya kuununua. "Utasema ni shaba," akasema. "Ukisema ingine, mutaenda wote wawili."

Kisha akaita. Aliyeingia ni Sudi, mume wako.

Aliponiona alicheka kwa furaha. Akamwambia komanda, "Huyu njo shemeji yangu. Hawezi kudanganya."

Nilisugua dhahabu yake kwenye jiwe. Nikadondosha tone. Alama ikabaki ya njano, inang'aa, bila povu lolote. Sudi aliiona. Komanda aliiona. Mimi niliiona, nikasema: "Ni shaba."

Sudi hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Shemeji, angalia tena muzuri." Nikachukua kizibo cha chupa. Askari wakaingia, wakamfunga mikono, eti amedanganya jeshi, wakamtoa. Sijamaliza kuziba chupa, nikasikia risasi mbili upande wa mto.

Wewe ulikuwa na mimba ya Falone, miezi saba. Ni mimi niliyekuja kukuambia Sudi ameviziwa kwenye njia ya Punia na maiti yake haikupatikana. Hadithi hiyo niliitunga njiani nikija kwako. Ukaniuliza mbona sirudi fakilte, nikakujibu ni vita.

Yaya, Sudi hakufia njia ya Punia. Yuko hapa Mikelenge. Mzee mmoja wa msikiti alimzika nyuma ya mashamba ya muhogo, bila kujua jina lake. Mimi nilijua, nikanyamaza. Kila mwaka napalilia pale, nikijifanya nalima.

Jumapili iliyopita nilimweleza Falone yote. Hakulia. Aliuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akaniambia, "Basi andika barua, mujomba. Nitaipeleka mwenyewe." Tangu siku hiyo analala kwa rafiki yake Jeanne na hali chakula chetu, lakini labo anaenda kila siku.

Siombi unisamehe kwa karatasi. Ukija, nitakuonyesha kaburi. Ukija na wazee wa upande wa Sudi, nitakaa chini na kusikiliza watakalosema, lolote liwe. Nakuomba jambo moja tu: usimtoe mtoto masomoni kwa sababu yangu.

Wasalimie nyumbani wale ambao bado wataitikia salamu yangu.

Mdogo wako,
Matata