W Niliyoikata

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupunguzia ukali huko unakopaka rangi kuta za maghala. Sisi hatujambo. Shangazi anasema kikohozi chake kimekwisha, ingawa hukohoa kila tukisahau kumuuliza. Brashi zako naziosha kwa mafuta ya taa kila Jumapili kama ulivyoagiza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na habari hii mwisho wake ndio mzito.

Mwezi uliopita pikipiki ilimgonga mtoto wa darasa la kwanza kwenye kivuko mbele ya shule. Alichubuka goti tu, namshukuru Mungu. Dereva aliapa kwamba hakuona kibao chochote. Kibao kilikuwepo, Baba, ila ni kile kilichotengenezwa kwa mashine na Dakika Tano, yule mwenye duka linalotazamana na karakana yetu ya vibao, anayeahidi kila kazi kwa dakika tano, chenye herufi nyembamba kama miguu ya mbu. Mwalimu mkuu akaagiza vibao vipya sita ndani ya wiki moja. Shangazi alikwenda kumwomba akusubiri, akajibiwa kwa upole kwamba magari hayamsubiri kaka wa mtu. Kazi ikaenda tena kwa Dakika Tano.

Nilikwenda dukani kwake na hasira zangu. Nilimwamkia kwanza, usihofu. Nikamweleza kama ulivyonifundisha, kwamba herufi nene si herufi nyembamba iliyolishwa ikanenepa. Lazima ichorwe upya, mwili wake na nafasi zake za ndani, ili mtu aliye mbali na mwenye haraka aisome bila kukunja uso. Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Akaniambia, "Binti wa Mkono Mzito, mashine hupika inachopewa. Mwenye unga ni baba yako. Mimi nina sufuria tu."

Baba, kuanzia hapa naomba usome polepole. Nilifungua sanduku lako la herufi za kadibodi. Najua unavyosema, kwamba siku mashine itakapoujua mkono wako haitauliza tena mwenye mkono yuko wapi. Nilijua, na bado nilizibeba, nimezificha ndani ya atlasi. Dakika Tano alizipiga picha moja moja, na kwa alasiri tatu baada ya masomo tulikaa kwenye kompyuta tukisafisha kingo. Q na X hukuwahi kuzichora kwa kuwa hakuna mteja aliyeziomba, lakini yeye alitaka zote zikamilike, basi nikazichora mimi. Q niliipa tumbo la O yako. X ilinitesa hadi akaniuliza kama nachora au napigana na mkasi.

Tukatundika kibao cha majaribio uzioni: WATOTO WANAVUKA. Nikarudi nyuma hatua themanini. A zilisimama imara, O zilitazama kama macho. Lakini W zako mbili zilijifunga, zikawa madoa meusi. Nilimwita dereva wa basi la shule, ambaye hamwonei mtu haya, akasema anaona mende wawili waliokanyagwa. Neno hilo ni lake, si langu.

Nikaichukua kadibodi yenyewe ya W, ile uliyoichora mwaka niliozaliwa, nikazipanua nafasi zake za ndani kwa wembe. Ningeweza kuinakili kwanza. Sikuinakili. Niliogopa kwamba nikisita sitakata kamwe. Hilo ndilo kosa langu, Baba, wala hakuna aliyenituma.

Dakika Tano aliipiga picha upya, na vibao vyote sita vimesimama tangu Jumatatu. Magari yanapunguza mwendo. Nayahesabu wakati wa mapumziko badala ya kula. Mwalimu mkuu ameisifu mashine mbele ya shule nzima, nami nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na ruhusa yako ya kusema ule ni mkono wa nani. Kunyamaza kule kumeniuma kuliko wembe, ambao nao ulinikata kidole.

Sasa zahanati inazitaka herufi hizo kwa milango yake, na muuza magodoro anazitaka kwa ukuta mzima. Dakika Tano ameapa mbele ya Shangazi kwamba hatampa mtu hata nukta bila neno lako, na ukikataa atazifuta zote ukiwa umesimama nyuma ya kiti chake. Shangazi amemwambia kiapo amekisikia, na kwamba atamchunga kwa zaidi ya dakika tano.

Jumamosi utashuka kituo cha shule, na nisingependa uvione vibao vile kabla hujajua. Adhabu yoyote nitaipokea. Ila kabla hujafika nyumbani, naomba usimame ng'ambo ya barabara uitazame ile W, kisha uniambie kama nilikata pazuri. Na kama nilikata pabaya, basi nionyeshe pa kukata.

Shangazi anakusalimu sana, na anasema usibebe mzigo mzito na mgongo huo. Majirani nao wanakuulizia. Safari yako iwe ya amani.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kitinda mimba wako