Wali wa Joyceline kwa Kihispania

Bibi Zena mpendwa, shikamoo, nakuandikia nikiwa peke yangu nyumbani mtaa wa Gerezani, naomba unisaidie kwa sababu mke wangu Joyceline ameenda kwa mama yake na simu zangu hapokei, na kosa lenyewe Bibi ni masomo tu, mimi natembeza wageni mjini na nimeanza kujifunza Kihispania ili nipate wageni wanaokisema, sasa mwalimu akatufundisha kulinganisha, huyu ni zaidi ya yule, huyu ni sawa na yule, akasema tumieni watu wa nyumbani kwenu, mrekodi sauti mtume kwenye grupu la WhatsApp la darasa, nami nikarekodi kwamba shemeji yangu Paskalina, dada wa mke wangu, “es más alegre que mi esposa”, ni mchangamfu kuliko mke wangu, na kwamba mke wangu “no cocina tan bien como su hermana”, hapiki vizuri kama dada yake, wali wake “es como papilla”, ni kama uji, mwalimu akanisifu mbele ya wote, kumbe darasani yupo Trupti, ambaye dukani kwao hapa Kariakoo ndiko Joyceline ananunua vitenge, akamuuliza kwa kicheko, “Dada, wewe ndiye wa wali uji?” na sasa Joyceline hasemi na mimi wala na dada yake, alipoondoka aliniuliza wali wa Paskalina nimeuonjea wapi, na niliula Pasaka tukiwa wote, Bibi, kwani shemeji si mtani wangu? Sasa nimweleze vipi kwamba lilikuwa somo tu?

Filbert, Gerezani

Marahaba, Filbert mjukuu wangu. Nimesomewa barua yako nikacheka mpaka kanga ikaniporomoka, halafu hasira zikanipanda.

Kariakoo yote hii umekosa cha kulinganisha? Ungesema nanasi hili tamu kuliko lile. Ungesema basi la mwendokasi la jioni limejaa kama gunia la mkaa. Ungesema mvua ikinyesha Jangwani panakuwa sawa na bahari. Ungesema pweza wa soko la Feri ana kichwa kikubwa kuliko chako, na kwa ulichofanya, labda na akili pia.

Unanitajia utani. Utani ni wa usoni, baba. Unamwambia mkeo mezani, “Mama, huu wali tuunywe kwa kikombe?” Naye anakujibu, “Kunywa, tumbo lenyewe limeshazoea pombe.” Watu wanacheka, mnaendelea kula. Wewe umeenda kumsema kwa lugha asiyoijua, mbele ya watu asiowajua, mahali asipoweza kukurudishia hata neno moja. Huo si utani, huo ni umbea uliolipiwa ada!

Na ukamchagua nani? Dada yake! Wamekua wakilala kitanda kimoja, na tangu wadogo watu wanawapima: huyu mweupe, yule mrefu, huyu ana bahati. Joyceline alidhani ameolewa, amepumzika.

Sasa nisikilize. Simu acha. Nenda mwenyewe kwa mama mkwe, na umwombe Paskalina awepo. Sema, “Mke wangu nimekukosea, na dada yako nimemwingiza kwenye jambo lisilomhusu.” Nyamaza hapo hapo. Neno “somo” lisikutoke mdomoni. Kisha rekodi sauti nyingine kwa hicho hicho Kihispania chako, uwaambie wenzako kwamba ulimkosea mkeo. Mweleze Joyceline kwanza kwa Kiswahili ulichosema, akikataa, usitume. Trupti mwache, alicheka ulichomwekea wewe mezani.

Akikubali kurudi, siku hiyo wali upike wewe. Mwalike Paskalina na mumewe. Wali ukiungua, uliwe ulivyoungua. Na Joyceline akisema mume wa dada yake ni bora kuliko wewe, tena kwa sauti ya kufika kwa majirani, usijibu, si kwa Kiswahili wala Kihispania. Chukua masufuria ukaoshe.