Machungwa Mangapi kwa Chetezo Kimoja?

Mpendwa mshauri,

Chetezo changu cha kufukizia kimenitoka Jumatatu ya tarehe 5 Julai, na aliyekichukua namjua, ni mkwe wangu Mize, mke wa mwanangu Alawi, tena kakichukua mchana, mbele ya macho yangu, ndiyo maana nakuomba unisaidie kabla sijatamka neno nikalijutia. Mimi ni mjane hapa Bagamoyo, nyumba hii ya bati nimeijenga kwa kuuza udi, nilianza kuupika kwa kopo moja la sukari na sandali, leo hakuna bibi arusi kutoka hapa mpaka Saadani asiyenukia mkono wangu, na kila magharibi kwa miaka thelathini na moja nimefukiza nyumba na nguo, madirisha nimeyafunga ili harufu isipotee bure. Mwaka wa pili huu kifua kinanibana, nakohoa, nikitoka sokoni napumzika kwenye baraza za watu, na kila kilipobana nilijifunika shuka nikajifukiza ubani, ndivyo tulivyofunzwa, nacho kikazidi.

Mize akanipeleka hospitali. Daktari akaniuliza kama navuta sigara, nikamwambia, "Mwanangu, mimi nina adabu zangu." Akauliza habari za moshi, nikamweleza udi. Akasema, "Bibi, mapafu hayajui manukato." Eti moshi unayala mapafu kama kutu inavyokula bati, na mwili una walinzi wake wa kuizuia hiyo kutu, lakini wangu wamezidiwa, basi niuache moshi, nile machungwa, mapera na mchicha, walinzi wapate nguvu.

Machungwa nakula. Mchicha nakula hata mbuzi wananionea kijicho. Na kusema kweli usingizi naupata, jana nimekwenda sokoni na kurudi bila kukaa popote. Sasa si nimepona? Mize hataki kusikia. Nikimdai chetezo ananijibu, "Mama, ninunie, lakini ninunie ukiwa hai." Na Jumamosi tarehe 14 Agosti binti yao Chausiku anaolewa, nguo zake azifukize nani kama si bibi yake? Mimi ni mtu wa hesabu. Kama moshi unatoa na chungwa linarudisha, nitajie kima: machungwa mangapi kwa chetezo kimoja? Niko tayari kula kikapu kizima.

Nunu binti Humoud, Bagamoyo

JIBU

Bi Nunu, shikamoo, na pole kwa kifua. Nimecheka, kisha nimekasirika. Hakuna kima. Chungwa ni chakula, linawasaidia hao walinzi, lakini haliwezi kulipia moshi unaouvuta kwa makusudi. Umepata nafuu kwa kuwa chetezo hakipo, halafu unataka kirudi kwa kuwa umepata nafuu! Mteja angekuletea hesabu ya namna hiyo ungemtoa mlangoni. Pafu lililokwisha kuchakaa halirudi kuwa jipya, kwa hiyo chunga lililobaki. Na huko kujifukiza ubani chini ya shuka kukome kabisa, awaye yote aliyekufunza.

Mize hakukuibia. Hapa mezani nina barua za akina mama ambao wakwe zao hawawapi hata maji, wewe unaye anayekubali kununiwa ili upumue. Mpe shukrani yake.

Udi wa arusi uchanganye wewe, uloweshe marashi mapema vumbi lisipande. Kufukiza afukize Mize, uani, nguo zikiwa juu ya tenga lililofunika chetezo, nawe ukae mbali upande upepo unakotoka, umkosoe kwa sauti unavyotaka. Chumba cha bibi arusi kitieni asumini. Jikoni kwenye kuni usikanyage, wapishi wapo. Chausiku atanukia mkono wako vilevile, nawe utabaki na pumzi ya kumpigia vigelegele.

Ila nafuu si kupona. Lazima urudi kwa daktari akakisikilize kifua tena. Utakwenda siku gani? Sitaki "inshallah" tupu. Nataka siku yenyewe, na iwe imenifikia kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.